Maziwa ya Mti wa Vibofu

Nilisikia mlio kabla sijaona chochote. Pa! Kimya kidogo, halafu pa! tena, na kicheko cha mtoto aliyejiziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi la Januari, naandika jambo ambalo leo silikumbuki hata kidogo. Kalamu ikasimama. Mlio ule si wa chupa inayozibuliwa wala wa kuni mbichi jikoni. Ni mlio laini na mnene, wa hewa iliyofungiwa ndani ya kitu kichanga ikaachiliwa ghafla. Aliyeusikia utotoni hausahau.

Nikatoka. Nyuma ya ua mabinti wawili wa mwenye nyumba walikuwa wamechuma matunda ya kijani, ya mviringo, mepesi, yenye vinywele laini kama shavu la mzee asiyenyolewa, wakipasuliana kwenye paji la uso. Shina lenyewe walikuwa wamelivunja na kulitupa chini, na pale lilipovunjika maziwa meupe yalikuwa yakichuruzika. Mdogo alikuwa anajifuta uso kwa mkono uleule.

"Usijiguse macho!" nilifoka, kwa ukali uliomfanya mtoto aanze kulia na dada yake anitazame kama mtu aliyepagawa. Nikamnawisha uso na mikono, nikamwomba radhi mama yao, nikarudi ndani. Harufu ya utomvu ule, chungu na mbichi, ilibaki vidoleni mwangu mpaka jioni, na pamoja nayo alibaki Ajambo.

Ngojeni niwaeleze Ajambo ni nani.

Kwetu ni Busia, upande wa Kenya, mahali ambapo ukiwa shambani unasikia malori yakibadilisha gia kuelekea mpakani. Ukipanda mwinuko wa shule siku isiyo na ukungu, unauona mwamba wa Tororo kule Uganda, rangi ya samawati, umesimama peke yake kama jino la kwanza la mtoto. Ajambo alikuwa binti wa marehemu baba yangu mdogo. Mama yake alifariki akimzaa, wakati mimi mwenyewe sijaanza kutambaa. Basi Mama akatunyonyesha sote wawili. Ilisemwa nyumbani kwamba ziwa la kulia lilikuwa la Ajambo na la kushoto langu, na tulipogombana tayari tukiwa wasichana wa shule, tulitukanana hivyohivyo: "Ndiyo maana huna akili, Nekesa, ziwa lako lilikuwa la maji!" Alimwita Mama, Mama. Hakuna aliyewahi kumfundisha jina jingine.

Baba alifanya kazi Jinja na tulimwona Krismasi. Nyumba ilikuwa ya Mama na sisi wawili, pamoja na mdogo wetu Egesa, aliyezaliwa mwaka huo ninaousimulia, katikati ya miaka ya sitini, bendera ya taifa ikiwa bado haijapauka.

Mti wenyewe, kama mnaruhusu kuuita mti mmea unaomfikia mtu kifuani, uliota pembeni mwa shamba letu la pamba. Mbuzi waliupita bila kuugusa, nao ni mbuzi waliowahi kula kofia ya padri. Jina lake halisi silijui mpaka leo. Sisi tuliuita mti wa vibofu, kwa kuwa matunda yake yalijaa hewa kama kibofu cha mpira, na tulidhani Mungu aliuumba ili watoto wapate kitu cha kupasua. Tuliendelea kudhani hivyo mpaka asubuhi Mwalimu Wandera alipoingia darasani ameshika chupa.

Mwalimu Wandera alikuwa mtu mwembamba mwenye koti moja na hasira fupi, lakini siku hiyo alitembea polepole kama anayebeba mayai. Ndani ya chupa mlikuwa na tawi la mti wa vibofu, na juu ya tawi kiwavi mwenye milia myeusi, myeupe na ya manjano, na vipembe vyeusi mgongoni. Wasichana tulipiga kelele. Wavulana nao walipiga kelele, kisha wakasema ni sisi.

"Mwangalieni vizuri," alisema Mwalimu. "Huyu mnamjua. Mmemkimbiza tangu mlipojua kukimbia."

Akatueleza. Yai dogo kama chembe ya chumvi, chini ya jani. Kiwavi anayetoka na kuanza kwa kula ganda la yai lake, kisha jani, kisha majani, anajivua ngozi inapombana kama sisi tunavyozidi magauni. Halafu anajining'iniza kichwa chini, anajifunga ndani ya pupa ya kijani yenye nukta zinazong'aa kama dhahabu, na anatoka humo akiwa kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye kingo nyeusi na madoa meupe, yuleyule tuliyemwona kila siku kwenye njia ya kisimani. Sikuamini. Nilimtazama Ajambo, ambaye darasani alikuwa wa kwanza na mimi nilikuwa wa kutosha, nikaona kwamba yeye ameamini.

"Maziwa ya mmea huu ni sumu," Mwalimu akaendelea. "Yeye anayala, hayamdhuru, yanakaa mwilini mwake. Ndege akimwonja mara moja hamrudii tena. Lakini ninyi si viwavi, ingawa wengine mnakula kama wao. Yakiingia machoni, macho yanavimba, mtu anaona ukungu mtupu kwa siku kadhaa."

Kisha akatuambia habari ya safari zao: kwamba mvua ikikatika na majani yakikauka, vipepeo huondoka kuifuata mvua ilikoelekea. Akaonyesha ukutani, upande wa Uganda.

"Na wanarudi, Mwalimu?" Ajambo aliuliza.

"Vipepeo wanarudi. Lakini aliyeondoka siye anayerudi. Huko alikokwenda anataga, anakufa. Anayerudi ni mtoto wake, ama mjukuu."

Mvulana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, sasa hao ni wa Kenya ama wa Uganda?"

"Ni wa pale walipokula," alisema Mwalimu Wandera, na darasa zima likacheka, kwa maana hapakuwa na mmoja wetu asiye na jamaa wanaokula pande zote mbili.

Tulimpata kiwavi wetu jioni ileile. Tukamtia kwenye kopo la siagi lililotobolewa matundu kwa msumari, tukampa jina la Chifu, kwa sababu alivaa vizuri, alikula mchana kutwa na hakufanya kazi yoyote. Kila asubuhi mmoja wetu alichuma majani mabichi, na mara nyingi alikuwa Ajambo, maana mimi nilichukia ule utomvu unaonata. Usiku tulilaza kopo kati ya vichwa vyetu tukamsikiliza akitafuna, au tukadhani tunamsikia.

Basi katika majuma hayo ya Chifu, dereva wa lori alileta salamu kutoka Tororo. Shangazi Perpetua, dada mkubwa wa Baba, angekuja Jumamosi kumchukua msichana wa kukaa naye.

Lazima mwelewe jambo moja la kwetu. Shangazi alipoolewa, wale ng'ombe walioletwa kwa ajili yake ndio Baba aliowatoa kumwoa Mama. Kwetu hilo halipiti hivihivi. Dada ambaye ng'ombe wake wamekupatia mke, watoto wa mke huyo ni wake pia, na akitaka kumlea mmoja wao huwezi kusema hapana. Unaweza kusema "bado ni mdogo," na hilo unalisema mara moja tu. Mama alikuwa ameshalisema mwaka uliotangulia.

Sisi tulikuwa na furaha ya kupasuka. Tororo kulikuwa na kiwanda cha saruji, gari moshi, taa za umeme, mikate iliyokatwa tayari. Tulijua kwamba anayekwenda kwa Shangazi anasomeshwa na masista na kuvaa viatu, tulijua hivyo kwa sababu sisi wenyewe ndio tulioambiana. Tulifanya hata kile walichofanya watoto wote wa kwetu: tulichimbua kwenye viazi vitamu pupa moja ya kahawia, ile inayotikisa mkia ukiishika, tukaiuliza, "Anayekwenda Tororo ni nani?" Mkia ukanizungukia mimi, ukamzungukia Ajambo, mwishowe ukaelekea kwenye sufuria. Tukasema imesikia njaa.

Mama hakucheka. Alikuwa amemwona msichana mmoja wa ukoo wetu aliyekwenda kwa Shangazi kabla yetu. Alirudi amekonda, mgongo umepinda kwa kubeba watoto wa watu, mikono imetoka mabaka kwa sabuni, na alipopewa kitabu cha nyimbo kanisani alikishika juu chini. Mimi pia nilimwona. Niliona tu kwamba amerudi na viatu.

Siku moja kabla ya Jumamosi, Mama alikuwa uani anapepeta mtama, Egesa mgongoni, nasi tulikuwa tunabishana kama maneno ya Mwalimu ni ya kweli. Nikampata kiwavi mwingine wa milia, ndugu yake Chifu, nikamtupia kuku wetu mwekundu aliyekuwa mlafi kuliko wote. Kuku akamdonoa. Akasimama. Akatikisa kichwa kama mzee aliyemeza pilipili, akamtema, akasugua mdomo mchangani upande huu na upande ule, kisha akatutazama kwa chuki. Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu dereva alipokuja.

"Amekula nini huyu?"

Nami, msomaji, nikamweleza. Nilijua kuelezea. Nilimwambia habari za yale maziwa, jinsi kiwavi anavyoyala na kuyaweka mwilini, jinsi ndege anavyomwacha. Nikasimama kama Mwalimu Wandera, mkono mmoja kiunoni, nikamaliza na macho: kwamba yakiingia machoni mtu anavimba haoni.

"Anakuwa kipofu?" Mama aliuliza.

"Hapana, Mama. Ni ukungu tu. Halafu yanapona."

"Mwalimu alisema yanapona?"

"Yanapona kabisa."

Mama akaokota ungo wake. Aliendelea kupepeta, na mtama ulikuwa umeshatakata.

Shangazi Perpetua alifika siku ya pili yake kabla ya saa sita, mapema kuliko tulivyomtazamia, amebebwa kwenye kiti cha mbele cha lori. Lakini asubuhi hiyo, kabla ya vumbi la lori kuonekana, lilitokea jambo lililochukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Mama alimtuma Ajambo alete tawi la "ule mti wenu, mdudu wenu asife njaa." Ajambo akalileta jikoni. Mama akaniita.

"Nekesa, njoo nikupake dawa ya safari. Vumbi la njiani ni baya. Fumba macho."

Nilifumba. Nilijivuna, maana dawa ya safari ilikuwa na maana moja tu: anayesafiri ni mimi. Nilisikia kidole cha Mama kwenye kope, kikipita taratibu, mara mbili, na kitu cha ubaridi kikiingia kwenye kona za macho. Nilisikia harufu chungu ya mti wa vibofu nikadhani inatoka kwenye mikono ya Ajambo, aliyesimama karibu sana.

"Na mimi, Mama?" Ajambo akasema.

Kuni zililia motoni. Nilipochungulia kidogo niliona kidole cha Mama kiko hewani kati yetu, kina unyevu. Kisha akakifuta kwenye leso yake.

"Wewe macho yako ni mazima," alisema. "Nenda ukamwangalie Egesa."

Lori lilipofika macho yangu yalikuwa yamekuwa mazito. Shangazi alipoketi, akawekewa chai, akavua viatu vyake vyenye visigino na kuvipanga mbele ya watu, mimi nilikuwa naona kila kitu kama kupitia moshi, na kila mwanga ulikuwa sindano. Mama alipiga magoti kumkaribisha, akanisukuma mbele nimsalimie. Nilinusa manukato na mkate.

Shangazi alipenda kusema Kiswahili cha kwao Tororo hata na sisi tuliokuwa na lugha moja naye, ili ijulikane kwamba anakaa mjini. "Mimi nakuja kuchukua mutoto yangu," alisema. "Ng'ombe zangu hapana kuwa bure, mke wetu. Nekesa, inua uso." Nikainua. Akavuta pumzi. "Eh! Hii ni macho gani?"

"Yameanza tu, wifi," Mama alisema.

"Imeanza tu! Hii inaambukiza. Mimi iko na mutoto mudogo kwa nyumba, na bwana yangu hapendi uchafu. Sasa mutu ya macho kama hii atabeba mutoto namna gani?"

"Labda mwezi ujao, akipona."

"Mwezi ujao nani atafua nguo zangu? Wewe?" Akanywa chai. Jogoo akawika mahali fulani. Kisha nikasikia kikombe kikiwekwa chini. "Ile ingine je? Ile ya marehemu. Si wanalingana?"

Mama alikuwa akimimina chai. Nilisikia ikijaa, nikasikia ikimwagika kwenye sahani, kisha mezani, kisha chini.

"Wanalingana," alisema.

Nataka kuwaambia kwamba nilimlilia Ajambo. Nililia kweli, majirani wakaja kuangalia, lakini nilijililia mwenyewe. Nilimpapasa mpaka nikampata, nikamshika gauni. "Ni wewe!" nilipiga kelele. "Ulinishika na mikono yako ya utomvu! Umeniharibu macho uende wewe! Mwizi!" Nilimwita mchawi pia, neno ambalo kwetu mtoto hapaswi kulitamka hata kwa mzaha. Mama alikuwa palepale. Ajambo alikuwa palepale. Kila mmoja wao angeweza kunijibu kwa sentensi moja, na hakuna aliyefanya hivyo.

"Nyamaza, Nekesa," Mama alisema mwishowe. "Hujui unacholilia."

Baada ya Ajambo kwenda, Mama alinikamulia ziwa machoni, asubuhi na jioni, kama wanawake wa kwetu wanavyowatibu watoto. Alinilaza mapajani, Egesa akilia kwa wivu, na maziwa yale ya uvuguvugu yalitiririka mpaka masikioni. Ukungu ulianza kuondoka. Chifu, aliyekuwa amejifunga ndani ya pupa yake tangu Ajambo alipoondoka, alitoka mchana mmoja nikiwa peke yangu. Niliona kitu chekundu chekundu kimelowa, kinaning'inia, kikijikunjua polepole. Kilipanda kidoleni mwangu, kikakaa, kikaondoka. Kilielekea wapi sikujua, macho yangu yalikuwa bado hayafiki mbali.

Ule mkate wa Shangazi Mama hakuuonja. Kila Krismasi alishona gauni la Ajambo kwa kukisia kimo, akalituma Tororo kwa dereva, na kila mara alinipima mimi kwanza, akanizungushia utepe kifuani bila kunitazama usoni. Nilidhani ananionea haya kwa sababu niliachwa.

Nilisoma. Nilishika nafasi ya kwanza darasani, kwa kuwa mwenye nafasi hiyo alikuwa ameondoka. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo niliposhuka Tororo nikiwa safarini kwenda Kampala, nikauliza njia mpaka nikafika kwa Ajambo, kwenye chumba kimoja nyuma ya soko, chini ya ule mwamba ambao kwa karibu haukuwa wa samawati hata kidogo. Alikuwa anakaanga mandazi. Alinipokea kwa vigelegele, akanifuta kiti kwa kanga. Mgongo wake ulikuwa na ule mpindo. Msichana wake mdogo, anayeitwa Taaka, jina la Mama, alinisomea ukurasa mzima wa kitabu chake cha shule huku Ajambo akimfuatisha kwa midomo, kwa maneno yasiyokuwa kwenye ukurasa.

Tulizungumza habari za nyumbani, tukafika kwa Chifu, tukacheka. Nikamwomba msamaha kwa kumwita mwizi siku ile. Nikasema nilikuwa mtoto, niliamini utomvu ulitoka kwenye mikono yake.

Ajambo aligeuza mandazi, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwani hukujua? Mpaka leo, na vitabu vyote hivyo?"

"Kujua nini?"

"Weh, Nekesa! Mama ndiye alikupaka. Tawi nililichuma mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikamwona akilivunja, akalikamua kwenye kidole." Akacheka, akatikisa kichwa. "Mama alikuwa mjanja, huyo! Shangazi amekunywa chai yote hakushuku."

Mafuta yalichemka. Nilikumbuka sauti ndogo jikoni. "Lakini wewe ulisema, na mimi."

"Nilisema."

"Ulijua ni nini, na ukasema, na mimi?"

"Nilijua." Alichukua muda kutoa mandazi moja moja na kuyapanga kwenye gazeti. "Nilitaka nione kama atanipaka."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia pale pale, nilipokuwa nikimtukana. Akasema, "Ungelisema. Mdomo wako haukuwa na kifuniko. Shangazi angemkosesha Mama amani mpaka kaburini." Kisha akanifungia mandazi ya njiani, akakataa nilichotaka kumpa, na akamwambia Taaka anisindikize hadi stesheni.

Ndugu zangu wasomaji, nimewahi kusikia watu wakisema kwamba hatia ni ya aliyetenda. Mimi sikutenda. Nilimfundisha tu mama yangu somo la sayansi, mkono mmoja kiunoni, naye akalielewa kuliko darasa zima. Wala siwezi kumhukumu. Alikuwa na watoto wawili, njia moja, na kidole kimoja chenye dawa. Macho manne mabovu yangemfumbua Shangazi yake mawili. Kama angepiga kura mbele yetu, ningeomba anichague mimi, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwamba hata leo, nikijua yote, nikimwona Ajambo na mpindo wake, kuna mahali ndani yangu ambapo bado nashukuru. Nikiandika, naandika kwa macho aliyoyanunua mwingine. Nikisifiwa, nainama.

Na ninaikumbuka asubuhi ile ya Jumapili, baada ya Shangazi kulala kwetu usiku mmoja na lori kurudi kumchukua. Mimi nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka, kitambaa chenye maji usoni. Ajambo alichuchumaa karibu nami akaweka kopo la siagi kifuani pangu.

"Chifu hali tena," alisema, "kwa hiyo usihangaike na majani. Umtazame tu."

Nilimgeuzia mgongo. Nilisikia Mama akimfunga kitambaa kichwani, akikifungua, akikifunga upya, mpaka Shangazi akaita kutoka nje kwamba lori halingoji harusi. Nyayo zikaenda mlangoni. Mlango ukafunguliwa, na jua lote la asubuhi likaingia likanichoma kupitia kitambaa, kupitia kope, mpaka ndani ya kichwa.

"Mwanga!" nililia. "Mama, mwanga! Funga!"

Mama hakujongea, nilimsikia akipumua palepale aliposimama. Nyayo za Ajambo zilikuwa zimeshashuka kwenye kizingiti. Zikasimama. Zikarudi. Naye, kutoka nje, akauvuta mlango kwa mikono miwili, polepole, usinishtue, mpaka ukafungika.